Kabla ya Kuishukia Meli Iliyozama: Misingi ya Mbizi za Kina kwa Mwanafunzi na kwa Mhudumu wa Afya

Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, takriban mita 40 chini ya maji, yamelala mabaki ya manowari ya Uingereza HMS Pegasus. Manowari hiyo ilishambuliwa na manowari ya Ujerumani, Königsberg, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ilipokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Mabaharia 38 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Kaskazini zaidi, katika pwani ya Mombasa, iko MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ambayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Mabaki kama haya huwavutia wapiga mbizi, na miongoni mwao wamo vijana wetu wanaofanya kazi katika vituo vya mbizi na kutamani kwenda mbali zaidi ya pale walipofundishwa.

Somo hili linawahusu wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayefikiria kujiunga na mafunzo ya mbizi za kitaalamu au za mabaki ya meli, naye anataka kujua misingi kabla hajalipa ada na kuvaa mtungi. Wa pili ni mhudumu wa afya wa pwani, ambaye siku moja ataletewa fomu ya uchunguzi aitie saini, au ataletewa mgonjwa aliyetoka baharini na miguu isiyomtii. Wote wawili wanahitaji elimu ileile, kwa sababu kinachomdhuru mpiga mbizi ni kanuni chache za gesi zinazofanya kazi ndani ya mwili wa binadamu.

Tahadhari itangulie. Kusoma somo hili si mafunzo, wala hakumpi mtu ruhusa ya kushuka. Faida yake ni kumfikisha msomaji mbele ya mwalimu akiwa na maswali sahihi, na kumwezesha kumtambua mwalimu asiyeweza kuyajibu.

Dari mbili

Mbizi ya burudani ina kanuni moja kuu: wakati wowote pakitokea tatizo, mpiga mbizi anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Ndiyo maana vyama vingi vya mafunzo humruhusu anayeanza kufika mita 18, kisha mita 30 akiendelea, na kikomo cha mbizi za burudani ni mita 40.

Mbizi ya kitaalamu huanza pale njia hiyo ya juu inapofungwa, nayo hufungwa na dari za aina mbili. Dari ya kwanza inaonekana kwa macho: ni sitaha ya chuma, mlango wa chumba cha injini, au mwamba wa pango. Dari ya pili haionekani. Ni ile inayojengwa na gesi iliyoyeyuka mwilini, ambayo humlazimu mpiga mbizi kusimama kwenye vina maalumu kwa dakika kadhaa kabla ya kupanda tena. Akiivunja dari hii ya pili hatagonga kichwa, lakini huenda akapooza. Atakayeelewa kwamba dari hizi mbili zina uzito sawa ameshaelewa nusu ya somo.

Shinikizo na mwili

Hewa inayotuzunguka kandokando ya bahari hutukandamiza kwa shinikizo la takriban bari 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bari 1 nyingine. Kwa hiyo kwenye mita 10 shinikizo ni bari 2, kwenye mita 20 ni bari 3, na kwenye mita 40, ilipolala Pegasus, ni bari 5. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba shinikizo likiongezeka, ujazo wa gesi hupungua kwa uwiano uleule. Lita 5 za hewa juu ya maji huwa lita 1 tu kwenye mita 40.

Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hayabanwi kwa kiasi cha kutushughulisha. Taabu iko kwenye nafasi zenye hewa: sikio la kati, mianya ya mifupa ya uso, mapafu, na hata jino lililozibwa vibaya. Mpiga mbizi anaposhuka hulazimika kusawazisha masikio mapema na mara kwa mara, tangu mita ya kwanza, bila kungoja maumivu. Anayelazimisha huku ana mafua anaweza kupasua kiwambo cha sikio. Dawa za kuzibua pua nazo zina hila yake: zinaweza kumruhusu ashuke, kisha nguvu zake ziishe akiwa chini, hewa ikwame ndani wakati wa kupanda.

Hatari kubwa zaidi ya Boyle iko kwenye safari ya kurudi. Hewa iliyovutwa kutoka kwenye mtungi katika mita 10 hujaribu kuongezeka mara mbili kufikia juu. Mpiga mbizi anayebana pumzi anapopanda anaweza kuchanika mapafu, hata kutoka kina kidogo cha mita moja na ushei. Hewa ikivuja kwenye uwazi wa kifua, pafu husinyaa; ikiingia kwenye mishipa ya damu na kufika ubongoni, huleta kiharusi papo hapo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa siku ya kwanza huambiwa: usibane pumzi kamwe. Mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo hutokea karibu na juu, kati ya mita 10 na uso wa maji, yaani pale ambapo mtu hudhani hatari imekwisha.

Hesabu ya hewa

Ujuzi ambao mtu anaweza kuuanza kwa kalamu na karatasi, akiwa amekaa barazani, ni hesabu ya hewa. Tumchukulie mpiga mbizi anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 40 shinikizo ni bari 5, hivyo atatumia lita 100 kwa dakika. Mtungi wake una ujazo wa lita 12 na umejazwa hadi bari 200, kwa hiyo una lita 2,400 za hewa. Kwa haraka mtu atasema: nina dakika 24.

Hesabu hiyo ni ya mtu asiyepanga kurudi. Tuifanye upya, tukianza na swali lililo gumu zaidi: mwenzangu akiishiwa hewa tukiwa mita 40, tunahitaji kiasi gani ili tufike juu sote wawili kutoka kwenye mtungi mmoja? Katika taharuki, tuseme kila mmoja anatumia lita 30 kwa dakika, jumla lita 60. Dakika moja ya kushughulikia tatizo chini ni lita 300. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika hadi mita 5 huchukua takriban dakika 4, kwa shinikizo la wastani la bari 3.25, nayo ni lita 780. Kituo cha usalama cha dakika 3 kwenye mita 5 ni lita 270. Kumalizia hadi juu ni kama lita 40. Jumla ni karibu lita 1,400, yaani takriban bari 116 za mtungi ule.

Zaidi ya nusu ya mtungi, basi, ni akiba ya kurudi, na haikuwa ya kutumia tangu mwanzo. Kilichobaki ni lita 1,000, nazo zinatosha dakika 10 pamoja na muda wa kushuka. Mtu anayekwenda mita 40 kwa mtungi mmoja wa lita 12 anakwenda kutazama kidogo na kugeuka. Hapa ndipo wapiga mbizi wa kina wanapopata sababu ya kubeba mitungi miwili mgongoni, kila mmoja na kidhibiti chake cha hewa.

Ndani ya meli au pango hesabu hukaza zaidi. Hapo hutumika kanuni ya theluthi: theluthi moja ya hewa kwa kuingia, theluthi moja kwa kutoka, na theluthi ya mwisho kwa dharura. Hata theluthi hiyo hudhani kwamba safari ya kutoka itachukua muda uleule wa kuingia, jambo ambalo si kweli tope likitibuka. Kwa hiyo wengi huwa na tahadhari zaidi ya hapo.

Gesi tatu na sumu zake

Hewa ni asilimia 79 naitrojeni na asilimia 21 oksijeni. John Dalton alitufundisha kwamba katika mchanganyiko kila gesi ina shinikizo lake. Shinikizo hilo ndilo linalouathiri mwili, si asilimia.

Naitrojeni isiyo na madhara juu ya maji huanza kulevya kadiri tunavyoshuka. Wengi huanza kuathirika kwa dhahiri karibu na mita 30. Mlevi wa naitrojeni husoma kipimo cha hewa na asikielewe, husahau mpango, hukazia macho jambo moja na kuacha mengine, au hupatwa na furaha au hofu isiyo na sababu. Kama ilivyo kwa mlevi wa pombe, yeye ndiye wa mwisho kujijua. Kupanda mita chache humlevua. Kwa mbizi za kina zaidi, sehemu ya naitrojeni huondolewa na kuwekwa heliamu, ambayo hailevyi kwa namna hiyo. Mchanganyiko huo huitwa trimiksi.

Oksijeni nayo, ambayo sisi wahudumu wa afya tumezoea kuiona kama rafiki, hugeuka sumu shinikizo lake likizidi. Mfaransa Paul Bert alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1878. Sumu hiyo hushambulia ubongo na kuleta degedege, mara nyingine bila dalili yoyote ya kutangulia. Degedege hilo kwa kawaida haliui kitandani. Majini, kidhibiti cha hewa kikidondoka mdomoni, humzamisha mtu. Kikomo kinachotumika sana ni bari 1.4 wakati wa kuogelea na bari 1.6 wakati wa kutulia kwenye vituo.

Tupime kwa mfano. Naitroksi yenye oksijeni asilimia 32 hupunguza naitrojeni, hivyo huongeza muda wa kukaa chini. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ni hewa bora, inafaa kwa kina kikubwa. Kwenye mita 40 oksijeni yake ina shinikizo la 0.32 mara 5, yaani bari 1.6, nayo imevuka kikomo cha kuogelea. Mwisho wake ni karibu mita 33. Mchanganyiko wa asilimia 50, unaobebwa kwa ajili ya vituo vya kupandia, mwisho wake ni mita 21 au 22. Atakayeuvuta kimakosa kwenye mita 40 atakuwa anavuta oksijeni ya bari 2.5. Ndiyo maana kila mtungi hupimwa na mtumiaji mwenyewe, huandikwa kina chake cha mwisho kwa herufi kubwa, na kubadilisha mtungi chini ya maji hufanywa mbele ya macho ya mwenzi.

Gesi ya tatu haimo mtungini ila inatengenezwa na sisi wenyewe: kaboni dioksidi. Kwenye mita 40 hewa ni nzito mara tano kuliko juu, na mapafu huisukuma kwa taabu. Mpiga mbizi anayeshindana na mkondo hujilimbikizia kaboni dioksidi. Hiyo huzidisha ulevi wa naitrojeni, huongeza uwezekano wa degedege la oksijeni, na huleta kiu ya hewa inayozaa taharuki. Dawa yake ni kusimama, kushika kitu, kupumua taratibu hadi pumzi irudi, kisha kuanza kupanda. Gesi hizi tatu hushirikiana katika kumdhuru mtu, na mara nyingi uchovu ndio unaozikutanisha.

Ugonjwa wa mapovu

Fungua chupa ya soda kwa ghafla, nawe utauona ugonjwa huu. Gesi huyeyuka ndani ya kimiminika kwa kadiri ya shinikizo lililo juu yake. Shinikizo likiondolewa haraka, gesi hutoka kama mapovu. Mwilini, naitrojeni huyeyuka upesi katika damu na ubongo, polepole katika mafuta na maungio. Huondoka kwa utaratibu uleule.

Mwaka 1908 daktari wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi, wakaonyesha kwamba kupanda kwa vituo ni salama kuliko kupanda kwa mfululizo. Meza na kompyuta za mbizi za leo ni wajukuu wa kazi ile. Hata hivyo kompyuta huhesabu mwili wa kubuni. Haijui kwamba mvaaji hakunywa maji tangu asubuhi, au kwamba alibeba mitungi mizito mara alipotoka majini. Mtu anaweza kuitii kompyuta kikamilifu na bado akaugua. Kuugua hakumaanishi amefanya uzembe, na aibu isimzuie kusema.

Jambo hili haliwahusu watalii peke yao. Wavuvi wa majongoo bahari wanaotumia mitungi, au mpira wa hewa kutoka kwenye kompresa iliyo juu ya chombo, hushuka mara nyingi kwa siku bila meza wala kompyuta. Naitrojeni haitofautishi kati ya aliyelipa ada na anayetafuta riziki.

Ndani ya meli

Mabaki ya meli yanapotazamwa kutoka nje ni kama mwamba wowote wa bahari. Mpiga mbizi akivuka mlango, mambo hubadilika. Kutu na tope laini vimetua juu ya kila kitu. Pigo moja la miguu linaweza kuondoa mwanga wote kwa dakika nyingi. Nyavu na mishipi ya wavuvi imenasa kwenye milingoti. Chuma chenye ncha hukata ngozi na mipira ya hewa. Meli iliyolala ubavu imegeuza ukuta kuwa sakafu, na kichwa kilicholewa naitrojeni hupotea upesi. Chuma kilichokaa majini zaidi ya miaka mia hakibebi tena uzito kilioundwa kuubeba.

Mmarekani Sheck Exley, mpiga mbizi wa mapango, alichambua ajali za mapangoni na kuchapisha matokeo mwaka 1979 katika kijitabu kilichobadilisha ufundishaji. Waliokufa walirudia makosa machache yaleyale: hawakuwa na kamba ya mwongozo isiyokatika kutoka mlangoni, hawakuacha hewa ya kutosha ya kurudi, au walishuka kupita kiasi. Baadaye walimu waliongeza mawili: kukosa mafunzo ya mahali pale na kukosa taa za kutosha, yaani angalau tatu kwa kila mtu. Mambo haya matano yanafaa kukaririwa na kila anayetamani kuingia ndani ya meli. Atambue pia kwamba vifaa hivyo bila mazoezi havimwokoi. Kamba iliyofungwa vibaya humnasa aliyeifunga.

Kwa asiye na mafunzo, sheria ni moja: tazama kutoka nje. Na kwa kila mtu, mwenye mafunzo na asiye nayo, vitu vya meli vibaki vilipo. Nyingi ya meli hizi ni makaburi.

Afya ya anayetaka kujifunza

Mhudumu wa afya anapoletewa fomu ya uchunguzi wa mpiga mbizi, asiitie saini kama anavyotia saini cheti cha michezo. Anachoulizwa ni hiki: je, mtu huyu anaweza kupatwa na jambo la ghafla litakaloondoa fahamu, pumzi au nguvu akiwa mahali ambapo hawezi kusaidiwa upesi? Kwa mbizi za kina swali hilo huwa zito zaidi, kwa sababu ya dari tulizozitaja.

Kifafa kisichotulia ni kizuizi. Aliyewahi kupasuka pafu lenyewe bila jeraha asipige mbizi bila uamuzi wa mtaalamu, na kwa kawaida jibu huwa hapana. Pumu huhitaji tathmini: inayochochewa na baridi au mazoezi ni hatari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini huhitaji mpango maalumu na daktari anayeifahamu mbizi. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa huhusishwa na mapafu kujaa maji wakati mtu amezama majini, hali inayoweza kumwua mwogeleaji mwenye afya kwa kumtazama. Aliyevuka miaka 45 apimwe moyo na uwezo wake wa kufanya kazi nzito. Mjamzito asipige mbizi. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa mapovu bila sababu ya wazi achunguzwe kama ana tundu dogo la tangu tumboni kati ya vyumba vya juu vya moyo, ambalo huruhusu mapovu kupita bila kuchujwa na mapafu.

Dawa nazo ziulizwe. Mefloquine ya kuzuia malaria haishauriwi kwa mpiga mbizi, kwa kuwa kizunguzungu na wasiwasi inaoweza kuleta hufanana na dalili za ugonjwa wa mbizi. Kinga ya pepopunda iwe hai kabla ya mtu kukaribia chuma chenye kutu.

Mgonjwa anapofika

Dalili za ugonjwa wa mapovu mara nyingi huanza ndani ya saa chache, na karibu zote hujitokeza ndani ya saa 24. Zaweza kuwa maumivu ya bega au kiwiko yasiyoongezeka kwa kubonyezwa, madoa ya ngozi, uchovu usio wa kawaida, ganzi, udhaifu wa miguu, kizunguzungu, kushindwa kukojoa, au kukosa pumzi. Maumivu ya mshipi kuzunguka tumbo au mgongo yasipuuzwe, maana yaweza kutangulia kupooza. Pwani yetu ina mtego wake: kijana mwenye uchovu na maumivu ya viungo hupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Swali moja humwokoa: “Je, umepiga mbizi kwa mtungi au mpira wa hewa siku hizi mbili?”

Jibu likiwa ndiyo, hatua ni hizi.

1. Mlaze chali. Asiketi wala kutembea. Asiye na fahamu alazwe ubavu.
2. Mpe oksijeni asilimia 100, lita 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko iliyokaa vizuri usoni. Usiiondoe kwa sababu amepata nafuu. Nafuu hiyo huweza kuwa ya muda.
3. Mpe maji ya kunywa akiwa na fahamu kamili na anaweza kukojoa, ama dripu ya chumvi. Epuka dripu ya glukosi ikiwa sukari yake haijashuka.
4. Sikiliza kifua. Hewa iliyovuja kifuani itibiwe kabla ya kusafirishwa kwa ndege au kuingizwa kwenye chemba ya shinikizo.
5. Pima neva na uandike saa: nguvu za kila kiungo, hisia, kutembea kama inawezekana, kibofu. Rudia. Kibofu kilichojaa kiwekewe mpira wa mkojo.
6. Usimpe gesi ya naitrasi oksaidi kwa maumivu, huyakuza mapovu.
7. Usimrudishe majini ili “yatulie”. Mazoea hayo yapo miongoni mwa wavuvi, nayo huongeza mzigo wa gesi.
8. Wasiliana mapema na chemba ya shinikizo iliyo karibu au na simu ya dharura ya wataalamu wa mbizi. Akisafirishwa kwa ndege, iruke chini kadiri usalama unavyoruhusu, au iwe na shinikizo la usawa wa bahari.

Katika chemba, matibabu yanayotumika sana huanza kwa shinikizo la mita 18, mgonjwa akivuta oksijeni kwa vipindi, na huchukua takriban saa 4 na dakika 45. Kuchelewa si sababu ya kukata tamaa: wagonjwa waliofika baada ya siku kadhaa bado huweza kunufaika. Kumtuma ni bora kuliko kumkadiria.

Pa kuanzia

Anayetaka kufika kwenye mabaki ya meli aanze mahali pasipo na meli. Ajifunze kuogelea vizuri. Apate cheti cha msingi, kisha apige mbizi nyingi za kina kidogo hadi aweze kutulia majini kwa ulalo bila kupanda wala kushuka, huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Ajizoeze kupiga miguu kama chura, ili maji yasisukumwe chini kwenye tope. Apime matumizi yake halisi ya hewa na kuyaandika kwenye daftari. Ajifunze kumwokoa mwenzake na kutoa oksijeni. Azoee kughairi: kanuni ya wapiga mbizi wa kina ni kwamba yeyote anaweza kuisimamisha mbizi yoyote, kwa sababu yoyote, wala haulizwi.

Amwulize mwalimu: hesabu ya akiba yetu ni ipi? Oksijeni ya dharura iko wapi chomboni, na inatosha muda gani? Chemba iko wapi, na nani atapiga simu? Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa.

Baada ya mbizi asipande ndege upesi: angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi, na zaidi ya hapo, wengi husema saa 24, baada ya mbizi yenye vituo vya lazima.

Maswali ya kujipima

1. Mpiga mbizi anatumia lita 20 kwa dakika juu ya maji. Atatumia ngapi kwenye mita 25?
2. Je, naitroksi ya asilimia 36 inafaa kwa kuogelea kwenye mita 30?
3. Mvuvi wa majongoo alishuka mara sita jana kwa mpira wa hewa. Leo miguu ina ganzi na hajakojoa tangu usiku. Utafanya nini kwanza?
4. Kwa nini mwenye mafua asitegemee dawa ya kuzibua pua?

Majibu: (1) Shinikizo ni bari 3.5, hivyo lita 70. (2) Hapana, 0.36 mara 4 ni bari 1.44, imepita kikomo cha 1.4. (3) Mlaze, mpe oksijeni asilimia 100, pima neva na kibofu, weka mpira wa mkojo, na anza kutafuta chemba mara moja. Vipimo vingine viendelee bila kuichelewesha safari. (4) Dawa ikiisha nguvu akiwa chini, hewa hukwama katika sikio au mianya ya uso anapopanda, na kupanda hakuwezi kuahirishwa.

Aliyekosa swali la tatu arudie sehemu ya “Mgonjwa anapofika” kabla ya zamu yake ijayo. Maswali mengine yanaweza kungoja. Mgonjwa wa swali hilo hangojei.